Kukadiria siku za kazi ya programu: tuongeze asilimia juu ya jumla?

Chipukizi
Wakuu, habari zenu. Timu yetu ina kazi tatu: kuweka upya nenosiri (siku 4), ripoti (2) na malipo (5). Jumla 11, zote siku za mtu mmoja. Tuongeze asilimia 30 tumpe mteja, au kuna hesabu bora?

MezaYaKodi
Hiyo asilimia 30 inazipa kazi zote hatari sawa, na hazifanani. Andikeni namba tatu kwa kila kazi: mambo yakinyooka, kwa kawaida, na yakigoma. Jumlisha ya kwanza, ya kati mara 4, na ya mwisho, kisha gawa kwa 6. Nenosiri 2, 4, 12 inatoa 5. Ripoti 1, 2, 3 inabaki 2. Malipo 3, 5, 13 inatoa 6. Mmeshafika 13.

Kila mmoja aandike zake kimya kimya kabla ya kuonyeshana, maana mkubwa wa timu akitamka kwanza wengine watamfuata. Mmoja akisema 3 na mwingine 10, msitafute wastani. Muulizeni wa 10 ameona nini.

Tokeni
Naunga mkono, ila hiyo 4 ya nenosiri imetoka wapi? Ipasueni. Kuna fomu mbili, tokeni (namba ya siri anayotumiwa mtumiaji) inayoisha muda na kutumika mara moja tu, barua pepe inayoangukia kwenye spamu, kumzuia anayeomba mara 50 kwa dakika, kumtoa mtumiaji kwenye vifaa vyake vingine, testi, mapitio ya msimbo wa programu, kupandisha kwenye seva. Fomu ndiyo inayoonekana, basi watu hukadiria fomu. Kipande kikizidi siku 2 bado hakijaeleweka. Na siku ihesabuni kuwa na saa 5 za kazi, si 8. Vikao na hitilafu za mfumo uliopo hula zilizobaki.

Nukta
Malipo yatengeeni kwanza siku 1 ya majaribio. Tumeni muamala kwenye seva ya majaribio, kateni mtandao katikati, mwone kama jibu linapotea na mlipaji anakatwa mara mbili. Ile 13 ya malipo yakigoma hutokea hapo.

Chipukizi
Asanteni sana. Kwa hiyo nimwambie mteja 13?

MezaYaKodi
Hapana mkuu, 13 ni katikati tu. Kwa kila kazi, toa namba ndogo kwenye kubwa, gawa kwa 6, jibu lizidishe kwa lenyewe. Jumlisha yote matatu, tafuta kipeuo cha pili: kwenu ni kama 2.4. Ongeza hiyo juu ya 13, ipandishe iwe siku kamili: mpe 13 hadi 16, na mpe namba mpya jaribio la malipo likiisha.