Tupeane uzoefu: zumu ya kamera yako inakufikisha wapi hasa?

Mpenda Ndege, Entebbe: Jamani, madukani Kampala kamera inauzwa kwa namba: hii 30x, ile 60x. Namba hiyo ni urefu mkubwa wa fokasi (milimita za lenzi, zikizidi inavuta mbali zaidi) kugawanya kwa ule mdogo, basi. Nikienda kinamasi cha Mabamba kumtafuta korongo domo-kiatu nabeba lenzi ya milimita 150-600, ambayo ni 4x tu, na inavuta mbali kuliko 24-240 yenye 10x. Someni milimita. Nanyi leteni yenu.

Wa Harusi, Mbarara: Mimi zumu ya dijitali naizima siku ile ile kamera inapotoka kwenye boksi. Ile ya lenzi inasogeza vioo vya ndani, picha inabaki nzima. Ya dijitali inakata katikati ya picha na kuikuza. Ukivuta 2x kwenye megapikseli 16, zilizobaki za kweli ni 4. Kuna mzee, mjomba wa bibi harusi, alipiga viapo vyote kutoka benchi la nyuma kabisa kwa kamera ndogo ya mfukoni, kisha akaniletea nimchapishie kubwa ya kutundika ukutani. Nyuso zilikuwa kama zimepakwa rangi kwa brashi! Kamera nyingi ndogo zina mstari kwenye upau wa zumu. Ukiuvuka, umeshaingia dijitali. Kukata utakata mwenyewe nyumbani, kwa utulivu.

Mwongoza Watalii, Mfereji wa Kazinga: Wageni wangu wengine huja na kamera ya Nikon P1000, milimita 24 hadi 3000, yaani 125x. Asubuhi inashangaza kweli. Jioni ni kilio, kwa sababu ukiivuta hadi mwisho lenzi inafunguka f/8 tu, tundu dogo linaloingiza mwanga kidogo. Halafu mko kwenye boti. Ukiwa milimita 600, kasi ya shata (muda wa kupiga picha) iwe 1/600 ya sekunde au kasi zaidi. Kitulizo cha lenzi kinasaidia mtikisiko wa mkono, hakimtulizi kiboko anayepiga miayo. Saa saba mchana msijisumbue na wanyama wa ng'ambo, joto linalopanda juu ya maji linaikoroga picha hata lenzi iwe ya bei gani.

Mama Picha, Kabale: Bwindi ni kinyume chake. Sokwe wako karibu, msitu una giza, na flashi ni marufuku. 70-200 ya f/2.8 inatosha sana: inaingiza mwanga mara nane ya f/8.

Kijana wa Jinja: Na sisi wa simu, ssebo (bwana)?

Mpenda Ndege, Entebbe: Ndugu yangu, simu yenye kamera ya 3x huwa na lenzi yake pembeni. Chagua 3x, kisha izibe lenzi hiyo kwa kidole. Kioo cha simu kisipoingia giza, ujue simu inakata picha ya lenzi kuu. Jaribu usiku pia, maana mwanga ukipungua simu nyingi huiacha lenzi ya mbali bila kukuambia.