Printa ya ofisi inatoa madoa na maandishi yanafutika kwa kidole, Jumatatu mtihani. Naombeni ushauri

karani_wa_zamu
Habari zenu wakuu. Mimi ni karani wa shule moja ya binafsi huku Tanga, naombeni msaada maana toka asubuhi sijaweka kitu tumboni. Printa yetu ya leza, ile ndogo ya wino mweusi tu, imeanza kutoa kidoa cheusi kinachojirudia kwenye mstari mmoja toka juu ya ukurasa mpaka chini, karatasi nzima ina weusi wa mbali kama imepakwa majivu, na kibaya zaidi ukipitisha kidole maandishi yanafutika yanahamia kwenye kidole. Jumatatu kidato cha nne wanaanza mtihani wa ndani, masomo 9, nakala mama zote natakiwa nizitoe mpaka kesho mchana halafu ziingie kwenye fotokopi, na doa likiwa kwenye nakala mama basi linaenda kwa kila mwanafunzi. Steshenari siwezi kupeleka, ni mtihani, ukivuja wa kwanza kuulizwa ni mimi. Kuna fundi ameniambia fyuza, ile sehemu ya moto inayogandisha unga wa wino kwenye karatasi, imekufa, anataka laki na themanini. Swali langu ni moja tu, hiyo bei ni halali au napigwa?

Binti Pangani
Pole dada. Umejaribu kuzima na kuwasha?

Mzee wa Makorora
Karatasi hiyo mwanangu, wala usihangaike. Mji huu una unyevu, rimu ukiifungua ikalala wiki mbili karibu na dirisha inavuta maji ya hewani, sasa karatasi yenye maji inakula joto lote la fyuza na unga hauivi vizuri. Mimi nilikaa stoo ya mkonge miaka mingi, vitabu vya risiti tulikuwa tunaviweka kabatini na taa inawaka ndani mchana na usiku ili visipate ukungu, bosi wetu alikuwa anatupigia kelele za umeme lakini siku ya ukaguzi karatasi zetu ndizo zilikuwa zinasomeka. Fungua rimu mpya utaniambia.

FundiMashine
Dada bei ya fyuza tuiache kwanza. Chukua rula, pima toka doa moja mpaka doa linalofuata, ni milimita ngapi. Halafu niambie tona, yaani huo unga wa wino, mara ya mwisho imebadilishwa lini.

karani_wa_zamu
Mzee shikamoo, rimu mpya nimefungua, hali ni ile ile. Fundi, tona ilibadilishwa wiki iliyopita, ila sidhani kama shida iko hapo maana siku 2 za mwanzo ilitoa vizuri kabisa. Mimi nataka kujua kuhusu fyuza tu.

Mzee wa Makorora
Marahaba. Basi hiyo rimu mpya nayo imelala dukani.

FundiMashine
Ilibadilishwa au ilijazwa? Hivyo ni vitu viwili.

karani_wa_zamu
Ilijazwa. Lakini kujaza kila ofisi inajaza, sio mimi wa kwanza.

FundiMashine
Sijakulaumu, hata mimi najaza kila siku. Ilijazwa unga gani?

Nyundo ya Moto
Dakika 20 kimya. Kimya hicho kina jibu ndani yake.

karani_wa_zamu
Nilikuwa naongea na mlinzi, anataka kufunga geti. Unga ni wa fotokopi. Tulikuwa na chupa ya fotokopi ofisini imebaki nusu, nikaona unga ni unga, wote mweusi, wote unaingia kwenye karatasi, nikajaza. Na nasema tena siku 2 ilitoa vizuri, kwa hiyo kama unga ungekuwa mbaya ungekataa siku ile ile.

FundiMashine
Hapana dada, sikiliza. Tona ni plastiki iliyosagwa laini sana ikachanganywa na rangi, inayeyushwa na fyuza kwenye joto la karibu nyuzi 200 ndio inashika karatasi. Kila unga una joto lake la kuyeyuka. Ukiweka unga unaotaka moto zaidi ya ule ambao fyuza yako imepangiwa, unatoka mbichi, ndio huo unaobaki kwenye kidole. Halafu angalia katriji yako, kile kikasha cha tona, kama ndani ina rola yenye sumaku basi unga wake una chembe za chuma ili rola iuvute, wakati mashine nyingi za fotokopi unga wake hauna chuma, unabebwa na kitu kingine kabisa kinachokaa ndani ya mashine. Siku zile 2 ulikuwa unachapa kwa unga wa zamani uliokuwa umebaki kwenye rola. Umeisha, umeingia huo wa kwako, ndio majivu yameanza.

Pwani254
Mimi niko Mombasa, ofisi ya wakili, yalitupata haya haya. Kijana alijaza unga wa bei rahisi, tukapeleka hati ya kiapo kortini, karani wa korti akashika na mkono uko na jasho, jina la mteja likafutika lote. Wakili hakusema kitu mpaka jioni na hiyo ndiyo ilitutisha zaidi. Lakini dadangu, kwani ofisi haikutoa pesa ya tona mpya?

karani_wa_zamu
Ilitoa.

Pwani254
Ikaenda wapi?

karani_wa_zamu
Elfu 160. Nimeitia kwenye mchezo, nilikuwa nadaiwa mizunguko 2 na wakina mama walisema nikikosa tena natolewa, na Ijumaa ijayo ni zamu yangu ya kupokea. Nikipokea narudisha yote kabla mhasibu hajaulizia risiti. Sijaiba, nimeisogeza tu wiki moja. Naombeni tusitoke kwenye mada, nimeuliza fyuza.

Mwl Hesabu
Kusogeza hela ya ofisi wiki moja bila kumwambia mwenye nayo kuna jina lake, na wewe unalijua. Nimefundisha miaka 19, nimeona mhasibu mzuri sana anaondoka shuleni na begi lake kwa sababu ya hela ndogo kuliko hiyo. Watoto wa watu wanasubiri karatasi.

Binti Pangani
Mwalimu punguza, dada wa watu hajala toka asubuhi. Mchezo nao ni deni, wakina mama wa mchezo wakikukatia jina mtaani hupiti.

Nyundo ya Moto
Mimi naona tunapikiwa chai hapa. Kwanza shule zimefungwa wiki hii, mtihani wa Jumatatu unafanywa na nani? Pili huyu FundiMashine anajibu kabla swali halijakauka, anajua kila kitu kuhusu unga. Hii ni akaunti 2 za mtu mmoja, ngoja uone, mwisho wa uzi itakuja namba ya simu na bei ya unga "orijino". Kama ni kweli weka picha ya huo ukurasa.

Pwani254
Eh, hata mimi nimeanza kushtuka.

karani_wa_zamu
Kaka, kidato cha nne wako kambi, likizo ni kwa madarasa mengine, muulize mtu yeyote mwenye mtoto kidato cha nne. Na picha ya ukurasa gani, nipige picha mtihani niweke hapa? Si ndio nafungwa kabisa.

FundiMashine
Mimi siuzi kitu kwenye uzi huu na namba sitoi. Najibu haraka kwa sababu hii kazi naifanya toka nimemaliza shule na inaniuma nikiona mtu anauziwa fyuza asiyoihitaji. Dada achana nao, nilikuomba kipimo cha rula hujanipa mpaka sasa.

karani_wa_zamu
Nimepima. Sentimita 7 na nusu. Ukurasa mmoja doa linarudi mara 4, lingine mara 3.

Mwl Hesabu
Milimita 75. Gawanya kwa 3.14 unapata karibu 24, kwa hiyo kuna kitu cha duara chenye kipenyo cha milimita 24 kinazunguka humo ndani na kina kasoro sehemu moja. Hili sasa ni somo zuri, nitalipeleka darasani.

FundiMashine
Hongera mwalimu, umemaliza. Dramu nyingi za katriji ndogo ni hizo hizo za milimita 24. Ile silinda ya kijani au bluu inayong'aa. Doa likirudi kila milimita 75 hiyo ni dramu, ina mkwaruzo, penye mkwaruzo chaji haikai na unga unajibandika hapo kila inapozunguka. Dada ulivyojaza uliigusa dramu?

karani_wa_zamu
Niliisafisha. Nilifuta na pamba yenye spiriti, kulikuwa na kauchafu kadogo kamegoma nikakatoa na ncha ya mkasi taratibu sana. Halafu nikaiweka dirishani ikauke.

FundiMashine
Juani?

karani_wa_zamu
Kama saa moja hivi.

FundiMashine
Dramu haitakiwi hata mwanga wa ofisi kwa dakika nyingi, jua ndio kabisa. Hiyo imechoka, na mkasi umemalizia. Sasa hakikisha mwenyewe kwa macho. Tuma ukurasa mmoja, ukifika katikati fungua mlango wa printa, subiri kidogo, toa karatasi polepole. Ile sehemu ambayo haijafika kwenye fyuza angalia kama doa lipo. Kama lipo, fyuza haihusiki na doa. Sehemu ya ndani ya nyuma usiguse, ina moto.

karani_wa_zamu
Lipo. Na majivu yapo pia. Lakini sasa mimi yule fundi nimeshamtanguliza elfu 50, anakuja kesho saa 2 na fyuza. Na kufutika si ni fyuza? Naona bora nibadilishe tu niwe na amani.

Pwani254
Kwa hiyo uliuliza bei na umeshalipa.

FundiMashine
Kufutika kunaweza kuwa fyuza au unga. Hatutajua mpaka uweke katriji nzima yenye unga wake. Ukinunua fyuza leo ukarudisha unga ule ule, Jumapili uko hapa hapa na laki na themanini hauna.

Mzee wa Makorora
Na karatasi msiisahau.

Binti Pangani
Samahani kwa swali la kijinga, kwani shule nzima printa ni hiyo moja?

karani_wa_zamu
Kuna ya ofisi ya taaluma, ni kama hii hii, zilinunuliwa pamoja. Ila imekufa toka mwezi wa 8, haivuti karatasi.

Binti Pangani
Katriji yake iko wapi?

karani_wa_zamu
Imo ndani.

FundiMashine
Binti Pangani ubarikiwe. Dada, printa isiyovuta karatasi katriji yake haina kosa. Nenda kaichukue. Itikise kulia na kushoto polepole mara 5 au 6, ushikilie ubavuni, dramu usiiguse. Kabla hujaiweka futa unga uliomwagika ndani kwa kitambaa kikavu, mikono uoshe na maji ya baridi, maji ya moto yanaugandisha unga kwenye ngozi. Usipulize kwa mdomo.

Nyundo ya Moto
Nasubiri. Na kama ni kweli chapa ule ukurasa wa majaribio wa printa yenyewe, huo hauna mtihani, upige picha.

karani_wa_zamu
Nimerudi. Funguo ya taaluma alikuwa nayo mlinzi. Kurasa 3 za kwanza zilikuwa bado na majivu majivu, ya 4 imetoka safi, doa hakuna. Nimepitisha kidole, nikapitisha tena kwa nguvu, haitoki, nimelowesha kidole kidogo, haitoki. Nyundo, picha ya ukurasa wa majaribio nimeiweka hapo chini, simu yangu haina flashi nzuri nisamehe. Biolojia na Historia nimeshatoa, naingia Jiografia.

Nyundo ya Moto
Nimeiona. Samahani dada, na fundi pia.

Pwani254
Na huyo wa fyuza?

karani_wa_zamu
Nimemuandikia asije. Amesema elfu 50 hairudi kwa sababu ameshaagiza, sina nguvu ya kubishana usiku huu. Mwalimu Hesabu, nimempigia mhasibu, nimemwambia yote, unga, mkasi na hela ya mchezo. Hajapandisha sauti. Amesema Jumatatu niwe ofisini kwake saa 1 asubuhi, kabla mtihani haujaanza.