Siku ya tisa bila sigara, silali na mikono inatetemeka. Nisaidieni kuvuka usiku

Mvuka Usiku (mleta uzi), saa 4:10 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba ushauri, na naomba tusitukanane maana nimechoka.

Nimevuta sigara miaka 19. Pakiti moja kwa siku, na siku za presha ya kazi nilikuwa napita hapo. Safari hii nimeamua kweli. Leo ni siku ya tisa sijagusa. Mchana najikaza, nashika hiki, naacha, nashika kile, jua linazama. Balaa ni usiku. Nikijilaza tu moyo unaanza kudunda, mikono inatetemeka, midomo inatafuta kitu. Ikifika saa nane nakuwa nimeshasimama mlangoni najiambia pafu mbili tu, nirudi kulala. Nyumbani hakuna anayejua napitia nini.

Swali langu ni dogo: hii arosto inaisha lini, na nyie mliopita hapa usiku mlifanyaje? Tafadhali msiniambie niende hospitali. Nataka uzoefu.

Fundi Saa

Hongera mkuu, siku tisa si mchezo. Siku tatu za mwanzo ndizo zinazovunja wengi, na wewe umeshazipita.

Arosto yenyewe haikai muda mrefu kama unavyodhani ukiwa ndani yake. Mimi niliipima kwa saa. Inapanda, inafika juu, inashuka. Dakika tano, ikizidi sana kumi. Halafu inakuja nyingine, ndiyo, lakini zinaachana. Nilikuwa nikiisikia inakuja naweka saa mezani nafuata mshale, kazi yangu ni moja tu, nisiamue chochote mpaka mshale ufike pale.

Sigara yangu ya mwisho niliiweka kwenye sanduku la vifaa, miezi minne. Kila asubuhi naiangalia kama ipo. Siku moja nikakuta haipo, nikakasirika nusu siku nzima, nikamfokea kijana ninayemfundisha kazi, na kuvuta kwenyewe sikuwa na hamu nako. Nilimwomba radhi jioni. Mpaka leo sijui ilikwenda wapi.

Mvuka Usiku

Asante Fundi. Hiyo ya saa nitaijaribu leo leo. Kwangu hakuna hata cha kuwashia, mke wangu alishaficha viberiti vyote.

Mama Wawili

Mimi nitasema ukweli hata kama hupendi. Miaka 19 umejiunguza mwenyewe kwa hiari, leo siku tisa unataka tukubembeleze. Baba yangu alivuta mpaka akawa hawezi kupanda ngazi tatu bila kupumzika. Nilimuuguza mimi. Nilikuwa namshikia kikombe cha maji anywe, na kati ya pumzi na pumzi anauliza sigara yake iko wapi. Kwa hiyo ukisimama hapo mlangoni saa nane, fikiria nani atakuja kukushikia hicho kikombe.

Kona ya Tatu

Saa nane usiku umesimama mlangoni kila siku? Majirani wataanza kukulipa mshahara wa ulinzi. Hongera lakini, kaza.

Mstaafu

Mama Wawili pole kwa mzee, ila tusimtishe mtu aliye katikati ya mto. Kuna utafiti ulioanza mwaka 1951 Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwafuatilia madaktari wenyewe, wavutaji na wasiovuta, na ufuatiliaji ukaendelea kwa miaka 50. Wanaume waliovuta maisha yao yote walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10. Watu huishia hapo wanaposimulia. Wanasahau nusu ya pili: aliyeacha akiwa na miaka 40 alirudishiwa karibu 9, aliyeacha na 50 akarudishiwa 6, hata wa miaka 60 akapata 3. Mimi niliacha na 58. Mjukuu wangu ana miaka saba, ananishinda mbio, lakini tunakimbia.

Mleta uzi una umri gani?

Mvuka Usiku

41 mzee wangu. Asante sana.

Dawa Pembeni

Nipo nyuma ya kaunta ya famasi miaka mingi, naomba niulize mawili. Unakunywa kahawa kiasi gani? Na kuna dawa yoyote unayotumia sasa hivi?

La kahawa nina sababu. Moshi wa sigara huliamsha ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ni moshi, si nikotini. Ukiacha, ini linapoa ndani ya siku chache, kahawa ile ile uliyoizoea inakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka, halali, moyo unamwenda mbio, anasema arosto. Kumbe nusu yake ni kikombe.

Mvuka Usiku

Daah. Vikombe vitano, na tangu niache vimeongezeka maana mkono unataka kushika kitu. Hili sikulijua kabisa. Kuanzia kesho napunguza nusu.

Dawa Pembeni

Vizuri, na iwe asubuhi tu. Swali la pili hujajibu.

Mvuka Usiku

La dawa? Hapana, vitu vya kawaida tu.

Fundi Saa

Mkuu, vitu vya kawaida ni vitu vyenye majina.

Kona ya Tatu

Mimi nilitumia plasta za nikotini. Nilibandika mkononi nikaota ndoto za ajabu wiki nzima, nimo kwenye mtihani, kalamu haiandiki. Baadaye nikaambiwa naweza kuitoa kabla ya kulala, ndoto zikakata. Wiki ya kumi nikawa sibandiki kitu. Ushauri wangu ni plasta.

Mvuka Usiku

Sawa, nisiwazungushe. Kuna vidonge. Jamaa wa kazini aliacha sigara kwa vidonge, vikambakia, akanipa boksi. Vinaitwa bupropioni, miligramu 150. Nameza kimoja asubuhi kimoja kabla ya kulala. Leo siku ya sita. Sikuandika mwanzo kwa sababu nilijua mtarukia hapo na kuacha swali langu. Ni dawa halali, jamaa aliandikiwa na daktari, na yeye imemsaidia, hagusi sigara mwaka mzima sasa. Sioni kosa.

Dawa Pembeni

Sikurukii. Bupropioni ni dawa nzuri kwa anayefaa. Ila dawa hiyo yenyewe inaweza kukunyima usingizi na kukutetemesha mikono, na cha usiku hakimezwi wakati wa kulala, kinamezwa mapema jioni, masaa manane au zaidi baada ya kile cha asubuhi. Mara nyingi pia mtu haanzi na viwili, huanza na kimoja kwa siku chache. Kwa hiyo hata swali lako la usingizi lilikuwa linapita humo humo.

Sasa nijibu hili kwa utulivu. Umewahi kuanguka na kupoteza fahamu, kutikisika, degedege, kifafa, au kuumia kichwa vibaya? Na karatasi iliyomo ndani ya boksi umeisoma?

Mvuka Usiku

Karatasi sijaisoma, ina maandishi kama mchanga. Kuanguka kunahusianaje na sigara?

Mama Wawili

Mtu ambaye hajawahi kuanguka angejibu hapana.

Mvuka Usiku, saa 5:35 usiku

Nilikuwa na kifafa nikiwa mtoto wa miaka 14. Nikameza dawa mpaka 17, daktari akazikata, sijaanguka tena. Ni miaka 24. Kwangu mimi huko ni kupona. Jamani, nimejaribu kuacha kwa nguvu za kichwa mara nne nikashindwa, safari hii kitu kimenishika nikafika siku tisa. Mnataka nikitupe? Vimebaki vidonge vya siku kumi na moja tu. Namaliza boksi, halafu basi.

Dawa Pembeni

Ndugu yangu, usimeze kingine. Cha asubuhi kiache hapo hapo kilipo.

Dawa hii inashusha ule ukingo unaouzuia ubongo usilipuke ghafla. Ndiyo maana mtu mwenye kifafa, au aliyewahi kuwa nacho, haandikiwi. Hata kama ni miaka 24. Daktari aliyemwandikia mwenzako alimuuliza yeye, hakukuuliza wewe. Asubuhi nenda kituo cha afya na boksi mkononi, ueleze kila kitu. Ukiona misuli inaruka yenyewe, au ukahisi zile dalili ulizokuwa ukizipata utotoni, usisubiri asubuhi. Usiendeshe gari. Na usilale peke yako leo.

Siku tisa zako ni zako, vidonge havikuzinunua. Tatu za kwanza ulizimaliza huna hata kimoja.

Jicho la Mwewe

Samahani, nimesoma uzi wote kutoka juu na mimi naona hii ni chai.

Mosi, kaanza na "nyumbani hakuna anayejua", posti ya pili mke kaficha viberiti vyote. Kaficha kitu gani asichokijua? Pili, wanaotumia hivyo vidonge huanza wiki moja au mbili kabla ya kuacha, yeye kaanza siku tatu baada ya kuacha. Tatu, kila akibanwa linatoka jambo jipya, kubwa kuliko lililopita. Kahawa, vidonge, kifafa. Subirini, baadaye atatuambia ni rubani.

Kona ya Tatu

Hapo kwa mke hata mimi nilishtuka.

Mama Wawili

Kama ni utunzi mtu huyu ana roho mbaya. Nimemuweka baba yangu humu.

Fundi Saa

Mimi naamini. Mtunzi angejipanga vizuri zaidi. Na mtu akipewa boksi siku ya tatu ataanza siku ya tatu, huyu si kliniki.

Jicho la Mwewe

Basi ajibu la viberiti. Moja tu. Nimeshachangia nyuzi za wagonjwa hewa humu, nikakosa usingizi kwa ajili ya watu ambao hawapo. Sirudii.

Mstaafu

Ajibu au asijibu, kuna mwenye kifafa na boksi la kupewa atakayeusoma uzi huu mwezi ujao. Niliyoandika siyafuti.

Dawa Pembeni

Mvuka Usiku, upo? Andika neno moja tu nijue uko salama.

Kona ya Tatu

Saa moja na nusu sasa kimya.

Mvuka Usiku, saa 8:05 usiku

Nipo. Nilikuwa nimekaa jikoni gizani.

Jicho la Mwewe, viberiti vilifichwa miaka miwili iliyopita. Mwanangu ana pumu. Usiku mmoja alibanwa vibaya, tulirudi kutoka hospitali alfajiri, nikamwambia mke wangu kuanzia leo sivuti. Akakusanya kila cha kuwashia ndani ya nyumba, sikuuliza amekipeleka wapi. Nilikaa siku tano. Ya sita nikavuta kazini.

Miaka miwili navutia kazini tu. Nina shati la akiba kwenye droo, nanawa mpaka kwenye viwiko, nasukutua, napita njia ndefu upepo unipige. Wageni wakija mke wangu anawaambia nilivyoacha kwa ajili ya mtoto. Anajivuna. Mimi nimekaa pale pale.

Sasa nitamwambiaje ni siku ya tisa? Ndani ya nyumba hii mimi niliacha zamani. Na hospitali sitaki kwa sababu kadi zetu zote anazitunza yeye na kila mara tunakwenda pamoja. Kifafa anakijua, aliambiwa na mama yangu kabla hatujaoana. Nikitaja vidonge tu ataunganisha.

Niliwaza nimalize boksi kimya, arosto ipite, uongo uwe kweli. Ndiyo mpango wangu wote.

Jicho la Mwewe

Nimesoma. Naondoa neno langu la chai, na nisamehe. Leo umesimama mlangoni?

Mvuka Usiku

Hapana. Nimeangalia saa, kama alivyosema Fundi. Imepita kwa dakika saba. Imerudi tena nikiandika hii.

Mama Wawili

Mwanangu, nilikusema vibaya mwanzo. Lakini mwamshe. Baba alitudanganya mpaka mwisho, tuliokota vipisi chini ya godoro tukiwa tunatandika la msiba. Sigara nilimsamehe mapema. Lile la kutudanganya bado.

Kona ya Tatu

Mimi ningesubiri, mtu akiamshwa saa nane usiku kwa habari hiyo atakasirika mara mbili. Mwambie asubuhi mkiwa mmekaa.

Dawa Pembeni

Mimi sizungumzii ndoa. Nasema asilale peke yake wiki hii bila mtu anayejua kilichomo mwilini mwake. Akianguka, mwenye kumshika lazima ajue la kumwambia daktari.

Na usidhani umebaki mikono mitupu. Kesho uliza plasta na bigijii za nikotini, uwaambie historia yako wakuchagulie. Bigijii haitafunwi mfululizo. Unaitafuna taratibu, ikianza kuwasha unaibana kati ya shavu na fizi, ukiacha kuisikia unatafuna tena. Ukiitafuna haraka unameza nikotini, kinachofuata ni kiungulia na kwikwi, halafu unasema haifanyi kazi.

Fundi Saa

Mkuu, mshale umefika wapi?

Mvuka Usiku, saa 11:40 alfajiri

Ameamka mwenyewe kunitafuta, akanikuta jikoni na simu. Akauliza naandikia nani saa hizi. Nikampa simu asome kuanzia juu.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa, akarudi juu akasoma tena. La shati kwenye droo halikumtoa neno. Akaniomba boksi. Akaifungua ile karatasi yenye maandishi kama mchanga, akaisoma pande zote mbili chini ya taa, akafika mahali akaweka kidole. Akaniuliza kidonge cha kwanza nilimeza tarehe ngapi na saa ngapi, akaandika nyuma ya kadi ya kliniki.

Hajaongea nami jambo lingine. Ameenda kumwamsha mtoto. Kituo kinafunguliwa saa mbili, na funguo za gari amezichukua yeye.