Wauza sarafu za Kirumi mnatuona mafala? Brashi ya waya imenimalizia herufi

Wakuu heshima zenu. Naandika kwa hasira mtanisamehe, huku Uingereza saa hizi ni saa saba usiku na nimelaza taa ya mezani mpaka chini kama mtu anayetafuta kupe kwenye sikio la mbwa.

Nimenunua mtandaoni sarafu mbili za majimbo ya Kirumi, zile ambazo miji ya mashariki ya dola ya Kirumi ilikuwa inazipiga (inazitengeneza) yenyewe, nyingi na maandishi ya Kigiriki. Muuzaji simtaji. Picha moja moja, gizagiza, uzito hakuna, kipenyo hakuna, ukimuuliza anakujibu eti bosi hiyo ina miaka elfu mbili ulitaka iweje.

Ya kwanza kaandika "Augustus, Antiokia", yaani kaizari wa kwanza wa Roma na mji wa Antiokia wa Syria ya kale. Antiokia sawa, S C kubwa (kifupi cha Kilatini cha "kwa amri ya Seneti") ndani ya shada la majani hata bibi yangu bila miwani angeiona, ila Antiokia waliipiga hiyo S C miaka na miaka, kaizari anakufa anakuja mwingine S C iko palepale, sasa utajuaje ni ya nani kama upande wa kichwa hujausoma? Za Augustus zina Kilatini. Yangu nimeizungusha polepole kwenye mwanga wa ubavuni (wa juu unafuta kila kitu) nikapata ΓΕΡΜ (Germanicus), halafu ΔΑΚ. Kigiriki hicho! ΔΑΚ ni Dacicus, cheo alichopata kaizari Trajan mwaka 102 baada ya kuwachapa Wadaki, na Augustus alishazikwa tangu mwaka 14. Chini ya S C kuna kiherufi kidogo cha Kigiriki, za Augustus hazina hicho kitu. Gramu 13.9, milimita 27, nimepima mwenyewe kwa kimizani cha sonara, dakika mbili tu. Yaani nimelipa bei ya Augustus nikapewa Trajan, na Trajan wa S C wamejaa tele.

Na nyie wa kwenye komenti msijifiche. Mtu anaweka sarafu yake anaomba msaada, mnakuja "hiyo imekufa tupa", mwingine "huyo kaizari Nero", umejuaje? "Sura". Sura gani wakati pua imesagika, pua ikishaisha makaizari wote wanafanana na mjomba wangu mmoja tu. Angalau ungesema ndevu, maana kuanzia kaizari Hadrian mwaka 117 ndio ndevu zinashika kasi, hapo walau unakuwa umetoa sababu.

Hii ya pili ndio imeniuma. Kaandika "Lucius Verus", kaizari wa karne ya pili, nikamuuliza kwa nini, akasema si unaona kuna L. Jamani! Kwenye sarafu za Aleksandria ya Misri, kama hii yangu, ile L sio jina la mtu, ni alama ya mwaka, herufi zinazofuata ndizo namba ya mwaka wa utawala (I ni 10, Α ni 1, Β ni 2). Lucius Verus ana midevu mpaka kifuani, huyu wangu kidevu kitupu, shingo nene kama ya mbeba magunia na taji la miale kichwani. Huyo ni Nero na sikubishii. Gramu 12.1, milimita 24.

Sasa shida iko hapa. Upande wa pili kuna kichwa cha mwanamke, pembeni L, halafu I, halafu... mistari. Mistari ya brashi ya waya! Kaisugua ili ing'ae kama sufuria ya sikukuu, utando wa karne zote hizo umeenda na herufi imeenda nao. Na ndiyo herufi yenyewe ninayoitaka, kama ni Α ni mwaka wa 11 na huyo mama ni Poppaea, mke wa Nero, kama ni Β ni mwaka wa 12 na ni Aleksandria wenyewe, mji uliochorwa kama mwanamke aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo.

Nimeweka picha sita, mwanga kila upande. Mwenye macho aniangalizie kale kanundu kalikobaki juu ya paji la uso, ni nywele au ni mkonga? Atakayeniambia nitupe asihangaike kukomenti.