Naomba ushauri: likizo ya kuangalia ndege, nibaki Mwanza au niende Rubondo?

Mtoto wa Igoma: Wakuu, salaam. Nimekulia Mwanza, sasa kazi imenitupa Dodoma. Safari hii nataka likizo ya ndege hasa, siyo ile ya kuzunguka kusalimia ndugu hadi unarudi hoi. Mama watoto amekubali kwa sharti moja: asiamshwe alfajiri kila siku. Mtoto mkubwa yuko darasa la sita, ndiye aliyeniambukiza ugonjwa huu. Shule zinafunga Juni na Desemba, lazima nichague. Roho inataka Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria, ukweni ni Bunda, na mfuko haujanona. Mnashaurije?

Kwarara: Desemba, usihangaike. Wageni wa Ulaya na Asia wanakuwa wameshashuka: mbayuwayu, keremkerem, vitwitwi wanaokimbizana kwenye tope la ufukweni. Juni hao huwakuti. Halafu vuli ndiyo mnana wanajenga. Dume ananing'inia kichwa chini, anasuka kiota kwa majani mabichi, jike anakuja kukagua. Akikikataa, dume anakibomoa na kuanza upya. Mwanao hutamtoa hapo.

Sato Choma: Ndege wa kuangalia?? Huku Magu tunawafukuza kwenye mpunga kuanzia asubuhi mpaka jioni. Mlete huyo wa darasa la sita, chakula juu yangu 😂

Binti Nyegezi: @Sato Choma acha utani bwana, kwelea kwelea nao ni ndege.
Mkuu, anza na Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni pale Capri Point, dakika chache mmefika. Shemeji alale, wewe na mtoto mwende. Na siyo kila kitu ni kiingilio. Simama karibu na jiwe la Bismarck uone mnandi wanavyoanika mabawa, kisha pita mwaloni Kirumba. Wale korongo wakubwa wenye mfuko shingoni wanazurura katikati ya wachuuzi wa dagaa kana kwamba nao wamelipa ushuru.

Mzee wa Kasia: Rubondo nenda, lakini usiende kwa usiku mmoja, utaishia kuona boti tu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025, habari ya kusubiri feri imekwisha. Unapita Sengerema, Geita, kisha unachagua: boti ya Nkome, safari ndefu majini, au uzunguke hadi Kasenda upande wa Chato ambako maji ni mafupi. Mwenye watoto apite Kasenda, na avuke asubuhi, maana ziwa msimu wa mvua huchafuka ghafla. Lala kwenye mabanda ya TANAPA, beba chakula chako. Malipo ya hifadhi yanahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo piga hesabu ya saa ya kuingia. Furukombe utawasikia kabla hujashuka botini. Wapo pia kasuku wa kijivu, walikamatwa kwenye magendo wakaachiwa kisiwani mwaka 2000.

Mtoto wa Igoma: Asante mzee. Na Serengeti kwa lango la Ndabaka? Ni njiani kwenda Bunda.

Mzee wa Kasia: Una gari gani?

Mtoto wa Igoma: IST.

Mzee wa Kasia: Basi salimia wakwe. Udongo mweusi wa kule ukilowa, hata gari kubwa zinalala. Ndabaka iache kwa Juni nyingine.

Kwarara: Naongeza: msiingie kwenye mafunjo miguu mitupu kumfuata mdiria. Kichocho kipo, na viboko wapo. Pia kuna programu ya simu ya bure inaitwa Merlin, inatambua ndege kwa picha na sauti. Pakua data yake ukiwa bado mjini. Ila usiwachezee ndege sauti hizo karibu na kiota.

Mtoto wa Igoma: Imeisha hiyo: Desemba, Saanane kwanza, Rubondo usiku mbili, halafu Bunda. Darubini ninunue ipi, 8x42 au 10x42?

Binti Nyegezi: 8x42, inayokuza mara 8. Ile ya 10 ukiwa kwenye boti inatikisika hadi furukombe anakuwa wawili.