"Committee has" au "committee have"? Nomino za makundi za Kiingereza zinanichanganya

Mwandika Ripoti:
Wakuu, habari zenu. Nina ripoti ya Kiingereza na kila aya nakwama palepale: niandike "the committee has" au "the committee have"? Programu ya kusahihisha inapigia mstari "the staff are", wakati magazeti ya Uingereza yanaandika hivyohivyo kila siku. Juu ya hapo nimeambiwa "the police has arrived" ni kosa, bila maelezo. Kuna kanuni au ni kukariri tu? Na haya majina ya makundi ya wanyama, "flock of", "herd of" na wenzake, lazima niyajue yote?

Kalamu Nyekundu:
Mkuu, hapo umefunga mambo mawili katika furushi moja. Yatenganishe kwanza.

"Committee", "team", "family", "government", "staff", "audience", "jury" na "crew" zina hiari. Mmarekani huzipa kitenzi cha umoja karibu kila mara: "the team is". Mwingereza anaruhusu vyote viwili, na huchagua kwa kuangalia kitenzi kinasema nini. Kundi likitenda kama kitu kimoja, umoja: "The committee consists of seven members." Hapo hata Mwingereza hawezi kuandika "consist", kwa sababu kinachoundwa na watu saba si wajumbe, ni kamati. Wanakamati wakitenda kila mtu kivyake, wingi: "The committee are arguing among themselves." Kamati moja haiwezi kubishana baina yake.

"Police" haina hiari. Ni wingi Uingereza, ni wingi Marekani: "The police have arrived." "Cattle" na "people" ni vilevile. Kiswahili ndicho kinachotuponza hapa, maana polisi amefika na polisi wamefika ni neno lilelile, basi mtu anaandika "a police came". Mmoja ni "a police officer". Ng'ombe mmoja ni "a cow" au "a bull", kamwe si "a cattle". Ukihesabu mifugo, ni "20 head of cattle", na hiyo "head" haichukui "s".

Programu yako inapigia mstari "staff are" huenda kwa sababu imewekwa Kiingereza cha Marekani. Badilisha mpangilio wa lugha kwanza ndipo uisikilize.

Mhariri wa Zamu:
Naongezea kwenye "staff", kwa sababu ndilo neno linaloharibu ripoti nyingi kuliko yote. "Staff" ni kundi zima la wafanyakazi. Kwa hiyo "I am a staff" na "we hired three staffs" hayasimami. Andika "a member of staff" au "a staff member". Wakiwa watatu, "three members of staff". "Staffs" ipo, ila ni pale unapozungumzia makundi ya wafanyakazi ya taasisi mbalimbali. Ni nadra kuihitaji.

Kosa la pili linakuja kimyakimya: kuanza na umoja na kumaliza na wingi. "The committee has announced their decision." Kwenye mazungumzo hakuna atakayestuka, ila kwenye maandishi rasmi msahihishaji ataikata. Ukianza na "has", endelea na "its". Ukianza na "have", endelea na "their". Virejeshi navyo vinafuata mkumbo huo: "a family which has lived here", lakini "a family who have lived here". Kionyeshi peke yake hakigeuki. Hata unapotumia kitenzi cha wingi, ni "this team", si "these team". Na ukitanguliza "each" au "every", hiari imekwisha: "every family has".

Kwa ripoti ningekushauri uchague umoja toka mwanzo mpaka mwisho. Pale wingi unapolazimisha, ongeza neno: "the committee members are arguing", "the team members put on their jackets". Sentensi hiyo haina mwenye kuipinga, awe Mwingereza au Mmarekani.

Mwandika Ripoti:
Nimeelewa, shukrani. Je, "equipment" na "furniture" nazo ni makundi? Na "a number of students" ni "is" au "are"?

Kalamu Nyekundu:
"Equipment", "furniture", "luggage" na "information" weka kapu jingine. Hizo ni nomino zisizohesabika: kitenzi ni umoja daima, na hazina "s" ya wingi. "Team" unaweza kuihesabu, "two teams are playing". "Two furnitures" huwezi. Ni "two pieces of furniture". Sisi tunasema mizigo, habari, vifaa, vyote kwa wingi, ndiyo maana "luggages", "informations" na "equipments" zinatuponyoka.

"A number of students are absent", wingi, kwa sababu maana yake ni wanafunzi kadhaa. "The number of students is rising", umoja, kwa sababu kinachoongezeka ni idadi. "A" na "the" ndizo zinazoamua. Kwa vitu vya jozi, kitenzi ni wingi, ila ukitanguliza "pair" kinafuata "pair": "the scissors are blunt", lakini "this pair of scissors is blunt".

Halafu usijitese kila mstari. Katika wakati uliopita, "the team won" haionyeshi umoja wala wingi. Baada ya "will", "can" na "must" ni hivyohivyo. Kagua "is/are", "was/were", "has/have" na "s" ya wakati uliopo, basi.

Msomaji wa Kamusi:
Nijibu la wanyama, naona limerukwa. Orodha ndefu unazoziona mtandaoni nyingi ni pambo. Kiingereza kilirithi sehemu yake kutoka kwa mabwana wa uwindaji wa karne ya 15. Orodha mashuhuri ilipigwa chapa Uingereza mwaka 1486, na hata wakati huo baadhi ya maneno yalikuwa utani. "A murder of crows" (kundi la kunguru) utaikuta kwenye chemshabongo kuliko kwenye ripoti ya mtaalamu wa ndege, ambaye huandika "flock" tu.

Zinazofanya kazi kweli ni chache: "herd" kwa ng'ombe na tembo, "flock" kwa kondoo na ndege, "swarm" kwa nyuki na nzige, "shoal" au "school" kwa samaki, "pack" kwa mbwa mwitu, "pride" kwa simba, "litter" kwa watoto wa mnyama waliozaliwa pamoja. Kwa vitu: "bunch" kwa funguo na ndizi, "bundle" kwa kuni, "fleet" kwa meli na magari. Angalia tu kwamba nomino inayofuata "of", ikiwa inahesabika, inakuwa ya wingi: "a bunch of keys", si "a bunch of key". Na usipokuwa na uhakika, "a group of" itakuvusha kwa watu na kwa wanyama wengi. Kwa funguo na kuni haikai vizuri, hizo zikariri.