Supernatural msimu wa 6, sehemu ya 15: tutizame zipi kwanza ili mzaha uingie?

Mchakechake
Assalaam alaykum. Ijumaa baada ya Isha tunataka kuiweka maskani ile sehemu ambayo Sam na Dean, wale ndugu wawili wawindaji wa mashetani, wanatupwa dirishani, wakaangukia dunia ambako wao ni waigizaji tu. Tutakuwa sita, na wawili ndio waliofuatilia tamthilia. Misimu 15, sehemu 327, nani ataimaliza? Nipeni zile za lazima. Tena kwenye faili langu maandishi ya chini yanatangulia sauti.

Bi Mkunazini
Waalaykum salaam. Weka tatu, kila moja kama dakika 42.

Msimu wa 4 sehemu ya 18: ndugu hawa wanagundua maisha yao yameshaandikwa vitabu na mtu anayejiita Carver Edlund. Jina hilo limeungwa kutoka kwa waandishi wawili wa tamthilia yenyewe, Jeremy Carver na Ben Edlund, na Edlund ndiye aliyeandika hiyo mnayoitaka. Waambie wageni kabla, maana ndani haielezwi.

Msimu wa 4 sehemu ya 22, kwa ajili ya Ruby, yule shetani aliyekuwa na Sam. Asiyejua Ruby ni nani na alikufa vipi, pale Sam anapomkuta ndiye mke wa "Jared", yaani muigizaji wa Sam, ataona mwanamke tu ndani ya nyumba kubwa. Genevieve aliyemcheza Ruby ni mke wa Jared Padalecki kweli, tangu 2010.

Msimu wa 6 sehemu ya 3: Balthazar na silaha zilizoibwa mbinguni. Bila hiyo ule ufunguo anaowapa Balthazar kabla hawajatupwa dirishani hauna maana.

Yakhe wa Michenzani
Bi Mkunazini, hiyo ya tatu siikubali. Balthazar unamueleza kwa sentensi mbili: malaika mwizi, ana silaha, malaika mkuu Raphael anazitaka. Dakika 42 za nini? Mahali pake weka msimu wa 2 sehemu ya 18, nayo ya Edlund, mizimu kwenye eneo la kupigia filamu. Anayeongoza watalii anataja tamthilia ya Gilmore Girls, Sam anaondoka mbio, kwa sababu Padalecki alicheza humo. Hapo ndipo walipoanza kujisuta wenyewe. Msimu wa 6 wamezidisha tu.

Mengine ya kuwadokeza watu: mhusika Bobby Singer amepewa jina la mtayarishaji wa tamthilia, Robert Singer, ndiyo maana ndani ya hiyo mnayoitaka kunakejeliwa mtu anayempa mhusika jina lake mwenyewe. Na kile kipande cha zamani kinachomuaibisha Dean si cha kutengenezwa. Jensen Ackles, muigizaji wa Dean, aliigiza kweli tamthilia ya Days of Our Lives.

Dokeza kabla, usisimamishe katikati kueleza. Ukisimamisha, vicheko vinakufa. Na usichukue ile iliyotiwa sauti ya mtafsiri juu: akishamwita Sam na Jared kwa jina moja, sehemu nzima imekwisha.

Fundi Maandishi
Kwa VLC, programu ya kuchezea video: maandishi yakitangulia, bonyeza H, yakichelewa, G. Kila mbonyezo ni milisekunde 50, kwa hivyo sekunde moja ni mara 20. Ila angalia mwanzo na mwisho wa faili. Yakianza sawa kisha yakaachana na sauti kidogo kidogo, G na H hazisaidii: maandishi ni ya picha 25 kwa sekunde na video yako ni ya 23.976, au kinyume chake. Kwa dakika 42 tofauti inafika karibu dakika moja na robo tatu. Hapo tafuta faili jingine la maandishi.

Bi Mkunazini
Yakhe, nakubali kwa shingo upande. Lakini mkitaka kuendelea na msimu wa 10 sehemu ya 5, ile ya 200, wasichana wa skuli wanaiigiza Supernatural jukwaani kwa nyimbo, basi kwanza onesheni mwisho wa msimu wa 5 sehemu ya 16. Dean anatupa hirizi yake kwenye pipa la taka. Asiyeona hilo, hirizi ya kuigizia anayopewa Dean na yule msichana ataiona kishaufu tu.

Mchakechake
Ahsanteni. H mara 30, yamekaa. Nimeyapima tena dakika ya 38, hayajateleza. Ya Balthazar nitaisimulia wakati chai inamiminwa.